Mdogo wangu anasema imani yangu haina mashiko kimantiki. Ni kweli?

Dada Mkubwa

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili limenikaa kifuani tangu tulipomzika baba yetu. Naomba majibu yasiyo na matusi kwa upande wowote.

Mdogo wangu wa kiume hakusali pale kaburini. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akangoja tumalize. Usiku nikamuuliza kwa nini, hata siku ile. Akanijibu kwa upole: "Dada, anayedai kitu kipo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe huna uthibitisho, kwa hiyo imani yako haina mashiko. Mimi sidai chochote."

Nilijaribu hoja ya Pascal, mwanafalsafa Mfaransa, kwamba ukiamini na Mungu hayupo hupotezi kitu, lakini usipoamini naye yupo, umepoteza vyote. Akasema hiyo ni hesabu ya faida, si ushahidi, na kwamba haisemi ni Mungu wa dini ipi. Nikaona ana haki.

Baba nilimuuguza miezi minne. Kuna usiku sala ndiyo iliyoniamsha saa tisa nikamgeuze ubavu. Lakini najua jambo kunifariji hakulifanyi liwe kweli. Je, kimantiki yeye ndiye aliye sahihi? Au naye ana kitu anachopaswa kuthibitisha?

Njia Panda

Mdogo wako yuko sahihi. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kitu hakipo, ndiyo maana kazi yote ni ya anayeamini. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilieleza vizuri mwaka 1952: nikikwambia kuna birika dogo la chai linalizunguka jua, dogo kiasi kwamba darubini haioni, si kazi yako kunithibitishia halipo.

Mwalimu wa Hesabu

Pole sana kwa msiba, dada.

Njia Panda, mfano wa birika ni mzuri, lakini kauli yako ya kwanza si kweli. Kutokuwapo kwa kitu huthibitishwa. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi wangu kwamba hakuna namba tasa iliyo kubwa kuliko zote. Euclid, mwanahesabu Mgiriki, alifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwanafalsafa J. L. Mackie alijaribu kitu cha namna hiyo mwaka 1955, akidai kwamba Mungu mwenye uwezo wote na mwema kabisa hawezi kuwapo pamoja na uovu. Mwanafalsafa mwenzake anayeamini, Alvin Plantinga, akajibu kwamba huenda hata mwenye uwezo wote hawezi kuumba watu walio huru kweli na papo hapo akahakikisha hawatendi uovu kamwe. Wengi, hata wasioamini, walikubali kuwa jibu hilo linaondoa ukinzani.

Sasa mdogo wako. "Sioni sababu ya kuamini" na "Mungu hayupo" ni kauli mbili. Anayesema ya kwanza hana mzigo. Anayesema ya pili amedai jambo kuhusu ulimwengu, na anadaiwa sababu kama wewe. Muulize anasema ipi.

Lakini kuna jambo naliona zito kuliko mzigo ni wa nani. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyokokotolewa. Mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier akasema lazima kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akapiga hesabu na kutaja mahali ilipo. Septemba 23, 1846, Johann Galle alielekeza darubini huko akiwa Berlin, akaikuta Neptuni umbali usiofika nyuzi 1 kutoka pale alipoambiwa. Miaka 13 baadaye Le Verrier aliona Utaridi nayo ina kasoro katika njia yake. Akafikiri vilevile, kwa ustadi uleule: kuna sayari karibu zaidi na jua. Ikapewa jina, Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo, hata wakati wa kupatwa kwa jua, pale ambapo ingepaswa kuonekana. Haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein alieleza kasoro ile kwa nadharia mpya ya uvutano, bila sayari yoyote.

Mara zote mbili Le Verrier alikuwa na haki ya kuamini alichoamini. Mara moja alipata, mara moja alikosa. Kuwa na haki ya kuamini na kupatia ni mambo mawili, na mantiki inakagua la kwanza tu.

Tazama pia kilichoiondoa Vulcan. Ilijulikana ingeonekana wapi na lini, watu wakatazama hapo, wasiione. "Hakuna ushahidi" ni hoja yenye nguvu pale tu uliposema kwanza ni alama gani ungetarajia kuikuta. Kwa Mungu, kila mtu anatarajia alama yake, na nadhani ugomvi wenu uko hapo.

Niseme yangu. Niliacha kuamini nikiwa na miaka 31, baada ya mtoto wa darasa langu kufa kwa saratani ya damu. Jibu la Plantinga kuhusu uhuru wa watu halikunifikia pale, maana hakuna mtu aliyechagua ugonjwa ule. Nilichotarajia kwa Mungu mwema sikukiona. Hiyo ni nguzo yangu, yaani jambo ambalo hoja yangu inasimama juu yake, na najua si uthibitisho. Wewe nawe tafuta yako. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu wa zamani, alisema kila kinachoweza kutokuwapo kinahitaji sababu, na jumla ya vitu hivyo vyote inahitaji kitu ambacho hakiwezi kutokuwapo. Hoja imesimama vizuri, ubishi uko kwenye nguzo zake. Ukizikubali, bado una kazi ya kuonyesha kwamba huyo ndiye anayesikia sala za saa tisa usiku.

Mti Mkavu

Naongeza dogo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuthibitisha kwamba watu wengine wana fahamu kama yeye, na hakuna anayeitwa mjinga kwa kuamini hivyo. Si kila imani halali inaanza na uthibitisho.

Mwalimu wa Hesabu

Kweli, ila hilo tunaliamini sote, na hatuna namna nyingine ya kuishi. Mungu watu wanamkana na maisha yanaendelea. Tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Dada Mkubwa

Nimeongea naye jana. Nilimuuliza ni "hayupo" au "sijui". Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Huyo mliyenifundisha utotoni, hayupo. Mwingine, sijui."

Nikamuuliza, kama yule wa utotoni angekuwapo, ungetarajia kuona nini. Akasema: "Baba angelala usiku mmoja bila kulia."

Mwalimu, hapo sikuwa na nguzo ya kumwonyesha. Nilimwambia nitaendelea kusali, na kwamba sasa najua nadaiwa nini. Akaniuliza kama nina picha ya baba ya kabla hajaugua. Tumeitafuta pamoja.