Fundi anataka kuondoa limita ya resi kwenye STI yangu, nikubali?

Mchaga_wa_Njoro
Wakuu, habari za leo. Nina Subaru Impreza WRX STI ya manyuali, injini EJ207 ya turbo, imetoka Japani. Wekundu kwenye geji ya resi unaanza 8000, yaani mizunguko 8000 kwa dakika. Nikivuta gia ya pili mpaka mwisho, ikifika hapo inakatakata kama imeishiwa mafuta, mshale unarukaruka, nikiachia pedeli inatulia. Fundi mmoja hapa Moshi anasema Wajapani wameibana, akiingia kwenye kompyuta ataisogeza mpaka 9000 nipate nguvu iliyofichwa. Anataka laki nne na nusu.

Kingine: nikipandisha Marangu mchana na abiria wanne, kuna muda inakuwa nzito ghafla, resi hata 5000 haijafika, kisha inarudi. Taa ya injini haiwaki. Yeye anasema ni limita hiyohiyo. Gari hii naipenda na sina hela ya injini nyingine. Naombeni ushauri.

Boksa_Sakina
Mkuu, shika hela yako kwanza. Hayo ni mambo mawili tofauti na fundi ameyafunga kamba moja.

La 8000 ni limita kweli, na inafanya kazi yake. Kompyuta inakata mafuta ili injini isijiue. Lakini nguvu iliyofichwa huko juu haipo. EJ207 yako inatoa nguvu yake ya juu kabisa, farasi 280, kwenye resi 6400. Ukishapita hapo inaanza kushuka, maana turbo ya kiwandani na kamshafti zake (vyuma vinavyofungua valvu) hazina pumzi ya kuilisha. Ukienda 9000 utapata kelele na joto, na gari itavuta kwa uzito kuliko kama ungebadili gia mapema.

Halafu angalia gharama. Kwenye 8000 krenki inazunguka mara 133 kwa sekunde, na kila mzunguko pistoni inasimama juu, inageuka, inasimama chini, inageuka. Mzigo kwenye koniroda, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, haupandi sawasawa na resi, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 8000 kwenda 9000 ni nyongeza ya asilimia 12 na nusu tu, ila mvuto kwenye koniroda na boliti zake unaongezeka kama asilimia 27. Na springi za valvu zikishindwa kurudisha valvu kwa wakati, pistoni inapanda na kuikuta bado iko wazi. Kwenye injini hii vinagongana.

TurboMeru
Mbona vijana wa rali wanapandisha resi na magari yanadumu?

Boksa_Sakina
Ndugu, wale wamebadilisha vilivyomo kwanza: koniroda na pistoni za kufuliwa, springi ngumu, kamshafti, turbo kubwa. Namba ya limita inasogezwa mwisho, baada ya chuma kuweza kubeba. Na injini zao zinashushwa na kufunguliwa mara kwa mara. Huyu mwenzetu anaendea kazini.

DadaSpana
Niko gereji Unga Limited, hapa Arusha, naongezea jambo ambalo watu wengi hawalijui. Limita inakulinda na mguu wako, haikulindi na mkono wako. Mwaka huu tumefungua injini ya namna hiyo, mwenye gari alikuwa anatoka gia ya tatu kwenda ya nne, mkono ukaingia ya pili. Chukulia alikuwa 7800: gia ya pili inaidai injini zaidi ya 10000. Kompyuta ilikata mafuta, sina shaka, lakini kwa wakati ule anayezungusha injini ni matairi, siyo petroli. Tulipotoa silinda hedi, juu ya pistoni kulikuwa na alama za nusu mwezi, zinang'aa, pale valvu zilipogonga. Valvu yenyewe ukiizungusha mkononi unaona inayumba.

Kwa hiyo, kaka, hata ukiiacha 8000 yako, uwe na nidhamu ya gia. Porsche wanaweka kumbukumbu ya kila kupitiliza resi ndani ya kompyuta, mnunuzi anaisoma kabla ya kutoa hela. Kwenye Subaru utakuja kujua ukifungua.

Babu_Ngaramtoni
Mwanangu, usikimbilie huko juu asubuhi. Mwezi wa saba huku kwetu kunakuwa na baridi kali, na geji ya dashibodi inapima maji. Maji yanafika katikati mapema, oili bado nzito. BMW M3 ya E46 ina taa kuzunguka geji ya resi, zinazima mojamoja kadiri oili inavyopata joto, dereva anajua aishie wapi. Yako haina. Baada ya mshale wa maji kutulia, nenda taratibu kilomita nyingine kadhaa ndipo uvute.

DadaSpana
Sasa la Marangu, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi. STI ya Japani imepangwa kwa petroli ya oktani 100, ya kwetu haifiki hapo. Mlima, mchana, watu wanne, turbo inasukuma hewa ya moto: sehemu ya mafuta inajiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na injini inagonga. Sensa kwenye bloku inausikia ule mlio wa kugonga, kompyuta inachelewesha cheche, na wewe unasikia gari limekuwa zito. Kwa maelezo yako naona ndivyo. Gari linajilinda. Ukizidisha resi au presha juu ya hilo, pistoni zinaweza kupasuka.

Kabla hujalipa mtu yeyote: pima oili kwa kijiti, hizi boksa (injini zenye pistoni zilizolala ubavu) zinaila. Kagua plagi. Fungua buti, kuna tangi la maji ya kunyunyizia intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya turbo, mengi nayakuta yamekauka na mwenye gari hajui lile switchi ni la nini. Na uliza mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti, ulibadilishwa lini, kama hujui basi hesabu haujabadilishwa.

Mchaga_wa_Njoro
Asanteni sana, wakuu. Nimeenda kufungua buti sasa hivi, tangi halina hata tone. Mkanda sina kumbukumbu nao kabisa. Hiyo laki nne na nusu itaanzia hapo. Dada, nikileta Arusha mnaweza kusoma hiyo sensa kwa mashine?

DadaSpana
Tunasoma, ila siyo gari likiwa limesimama. Tutatoka nalo tukiwa wawili, gia ya tatu kwenye mlima, mmoja anaendesha, mwingine anaangalia kompyuta inachelewesha cheche kiasi gani. Njoo na tangi limejaa petroli ya kituo unachonunua siku zote, na mkanda ubadilishwe kabla. Mpaka siku hiyo, Marangu panda na resi za kawaida, usiibane kwenye gia kubwa.