Corne imepoteza njia ya kuingia butiloda baada ya kubadili mpangilio wa vitufe

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninatumia kibodi ya Corne niliyoiunganisha mwenyewe, yenye vipande viwili na vitufe 42, kila kipande kikiendeshwa na bodi ya Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4. Jana nilirekebisha mpangilio katika programu dhibiti ya QMK, nikawezesha na VIA (programu ya kubadili vitufe bila kupakia upya), na katika kuhamisha vitufe vya dole gumba nikafuta bila kukusudia kile kinachofungua safu ya tatu (seti nyingine ya kazi za vitufe vilevile), ambako ndiko nilikokuwa nimeweka QK_BOOT, amri ya kuingia butiloda, yaani programu ndogo inayopokea programu dhibiti mpya. Herufi zinaandikika, lakini tarakimu, alama na njia ya kurudi kwenye butiloda vimefungiwa katika safu nisiyoweza kuifikia. Kitufe kidogo cha kuanzisha upya kilichoko kwenye sakiti nimekibonyeza mara nyingi; kibodi hupotea kidogo, kisha hurudi na mpangilio uleule mbovu. Je, nimeiua bodi?

Jibu la kwanza

Hujaiua. Butiloda hukaa katika sehemu yake ya kumbukumbu, KB 4 kati ya KB 32 za chipu hiyo, na mpangilio wa vitufe hata ukikosewa vipi hauigusi. Kinachokukwamisha ni namna ya kubonyeza: kwa butiloda ya Pro Micro, kubonyeza mara moja huwasha bodi upya tu, ilhali kubonyeza mara mbili kwa haraka, ndani ya robo tatu ya sekunde, huiacha ndani ya butiloda kwa sekunde 8. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu anayeanza kutafuta faili. Kwa hiyo fungua kwanza QMK Toolbox, programu ya kupakia kutoka kwenye kompyuta, chagua faili lako la .hex lenye programu dhibiti, washa upakiaji wa moja kwa moja, ndipo ubonyeze. Ikiwa kitufe chenyewe hakikulehemiwa vizuri, gusanisha pini za RST (kuanzisha upya) na GND (ardhi) mara mbili kwa kibano.

Jibu la pili

Maelezo ya mwenzangu ni sahihi, ila kwa kuwa uliwezesha VIA ipo njia nyepesi zaidi inayowezeshwa pamoja nayo, yaani Bootmagic, kuingia butiloda kwa kushikilia kitufe wakati wa kuwasha. Chomoa USB, shikilia kitufe cha kona ya juu ya kipande cha kushoto, upande wa nje, kisha uchomeke huku ungali umekishikilia. Kinachohesabiwa ni mahali kitufe kilipo, si herufi uliyokipa, kwa hiyo mpangilio mbovu hauwezi kuizuia njia hii. Tena Bootmagic hufuta yaliyomo katika EEPROM, kumbukumbu ya mipangilio isiyofutika umeme ukikatika, jambo litakalokufaa, maana VIA husoma mpangilio kutoka huko, na mtu anaweza kupakia faili sahihi kabisa akaendelea kuliona kosa la zamani. Mimi nilipoteza jioni nzima nikilaumu faili lisilo na hatia.

Tahadhari moja: usichomoe wala kuchomeka kebo ya TRRS inayounganisha vipande wakati USB imewashwa, kwani ncha zake hugusana zikiingia na zinaweza kupiga shoti. Kila kipande kipakiwe peke yake, kwa USB yake.

Muulizaji

Ninawashukuru nyote. Nilianza kwa kubonyeza mara mbili nikashindwa kila nilipojaribu, hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nikitumia kibodi hiyohiyo kuamuru upakiaji! Nimeazima kibodi ya kawaida, nikatumia Bootmagic, na kipande cha kushoto kimepona. Cha kulia nimekipakia kwa kubonyeza mara mbili, lakini nikikijaribu peke yake kinaandika herufi za kushoto.

Jibu la kwanza

Hilo si kosa. Isipoelezwa vinginevyo, QMK hukichukulia kipande chenye USB kuwa ndicho cha kushoto. Zima, unganisha TRRS, kisha rudisha USB kushoto, na herufi zitakaa mahali pake. Ukipendelea USB iwe kulia, andika MASTER_RIGHT katika config.h, faili la mipangilio ya QMK, na upakie upya vipande vyote viwili. QK_BOOT nayo irudishe kwenye safu inayofunguliwa na kitufe usichokusudia kukihamisha, ukijua kwamba hata ukiibonyeza upande wa kulia, kitakachoingia butiloda ni kile kipande chenye USB.