Shedi ngapi kwa kila rangi kwenye sanaa ya pikseli?

Swali: Wakuu naomba msaada, nachora kamhusika ka pikseli (vimraba vidogo vinavyounda picha) 16 kwa 16, kila rangi nimeipa shedi 7, yaani viwango 7 vya kukoza au kufifisha rangi hiyo, na bado kanaonekana kana ukungu tu, niweke ngapi?

Jibu: 7 nyingi mno kwa saizi hiyo mkuu, weka 3, kivuli, rangi yenyewe na mwanga, maana shedi zikikaribiana sana jicho halizitofautishi. Game Boy ya 1989, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, ilikuwa na shedi 4 tu skrini nzima na picha zilisomeka vizuri kabisa.

Jibu: Naongezea, kivuli usikitie nyeusi tu, kisogeze kuelekea bluu au zambarau na mwanga uelekee njano, hapo 3 zinatosha.

Muulizaji: Asanteni, na mandhari ya nyuma je?

Jibu: Huko punguza utofauti wa rangi, ili mhusika atokeze.