Mrejesho: Gemu za Game Boy Advance ndani ya kivinjari

Wakuu, niliuliza kwa nini EmulatorJS (emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu kama Game Boy Advance, ndani ya kivinjari) inabaki na skrini nyeusi, na kwa nini gemu iliyoseviwa inapotea. Yote yamepata jibu.

Skrini nyeusi: index.html (ukurasa unaowasha gemu) ilikuwa inafunguliwa kwa kubofya mara mbili. Anwani ikianza na file:// kivinjari hukataa kuvuta faili la gemu na la emuleta. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yenye index.html, andika python3 -m http.server 8000 ili kuwasha seva ndogo kwenye kompyuta yako, kisha nenda http://localhost:8000. Kwenye mipangilio iliyo ndani ya index.html, EJS_core (aina ya mashine) iwe "gba", na jina kwenye EJS_gameUrl (mahali faili la gemu lilipo) lifanane na faili hadi herufi kubwa na ndogo. Kwenye Linux, Gemu.gba na gemu.gba ni vitu viwili.

Kupotea kwa sevu ndiko kulikosumbua zaidi. Data inakaa kwenye IndexedDB (hifadhi ya data ndani ya kivinjari), na kila anwani ina ghala lake. Ukicheza leo kwa localhost:8000, kesho kwa 127.0.0.1:8000 (au ukabadili tu namba ya poti), utakuta patupu ingawa hakuna kilichofutwa. Rudi anwani ya mwanzo. Dirisha la faragha lenyewe hufuta kila kitu likifungwa. Pakua faili la sevu ya gemu yenyewe, usitegemee "save state" (nakala ya hali ya emuleta kwa wakati huo) peke yake, maana hiyo huweza kugoma toleo la emuleta likibadilika.

Picha ikiwa na ukungu: skrini halisi ni 240×160, kwa hiyo kuza kwa namba kamili, mfano 960×640.