Kolibeki za RCU kwenye Linux: abanwe anayefuta au anayeagiza kufuta?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito maana kila likiibuka watu wanagawanyika halafu linaachwa hewani. Kuna wanaosema keneli ya Linux (kiini cha mfumo) iweke kikomo kigumu ndani ya RCU yenyewe (read-copy-update, utaratibu wa keneli wa kusoma data bila loki), yaani kolibeki (oda za kufuta vitu baadaye) zikijaa basi call_rcu, ile funksheni ya kuweka oda hizo, igome au imsubirishe aliyeiita. Mimi nakataa, kikomo kiwekwe kule zinakotoka, yaani kwenye sehemu ya keneli inayoziagiza.

Kwa ambao hawajaigusa, RCU iliingia Linux 2002 kwenye matoleo ya 2.5, na utamu wake ni kwamba anayesoma data hafungi loki yoyote (kufuli la kuzuia wengine), anapita tu. Mzigo wote unamwangukia anayebadilisha. Akikitoa kitu cha zamani kwenye orodha hawezi kukifuta hapohapo, huenda kuna msomaji bado anacho mkononi, kwa hiyo anaacha oda: wasomaji waliokuwemo wakishatoka wote, kifutwe. Hiyo oda ndo kolibeki. Sasa oda zikiingia kwa kasi kuliko zinavyotekelezwa memori inaisha na hakuna hata programu moja inayovujisha.

Na hii ilishatokea kweli. 2005 keneli ilikuwa inatekeleza kolibeki 10 tu kwa awamu ili prosesa isishikiliwe muda mrefu, halafu ufutaji wa rekodi za mafaili yaliyofunguliwa ukawa umehamishiwa RCU, matokeo yake programu ya kawaida kabisa ambayo inafungua faili na kulifunga kwenye lupu ikaweza kuufikisha mfumo kwenye ukomo wa mafaili wakati yaliyofunguliwa kweli ni machache mno. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaipandisha ile 10 mpaka 10000. Mwaka uliofuata ikaja njia ya kati: kawaida ni 10, foleni ya kolibeki za prosesa ikivuka 10000 kikomo kinalegezwa, ikishuka mpaka 100 kinarudi.

Sasa angalieni vizuri hapo, kile kikomo cha awamu kinalinda muda wa prosesa, wenye kazi za sauti na mitambo inayotaka majibu ya haraka wanakihitaji sana, ila memori hakiilindi hata kidogo, ndo kwanza kinaichelewesha kurudi. Hivi ni vitu viwili tofauti na nusu ya ugomvi wetu unatokana na kuvichanganya.

Haya, kwa nini call_rcu isimsubirishe tu mtu? Kwa sababu inaitwa popote, hata katikati ya interapti (prosesa ikikatizwa na kifaa), hata na mtu aliyeshika spinloki (loki ambayo aliyeishika haruhusiwi kulala), hata ndani ya eneo la kusoma lenyewe, pale ambapo msomaji bado anahesabiwa yumo. Ukimsimamisha huyo wa mwisho mpaka wasomaji watoke, anayesubiriwa ni yeye mwenyewe, mashine imekwama hapo. Na ukisema igome irudishe kosa, aliyeita atafanya nini na kitu ambacho ameshakitoa kwenye orodha? Kukifuta hawezi na kukirudisha hawezi.

Anayejua kama anaruhusiwa kusubiri ni aliyeandika ile sehemu ya keneli. Yeye anaweza kuhesabu vitu vyake, anaweza kupunguza kasi ya mabadiliko, anaweza kutumia synchronize_rcu ambayo inajibana yenyewe kwa kuwa anayeita anasubiri mpaka wasomaji waishe. Maelekezo ya RCU yanayokuja na keneli yanasema hivyohivyo siku nyingi.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu ni hii, kwamba waandishi wa madraiva hawatafanya hivyo, watasahau, na mwenye kaseva kadogo ka memori ya giga moja ndo atakayeumia. Kweli kabisa. Ila dawa yake ni kuwabana kwenye ukaguzi wa kodi: njia yoyote ambayo mtumiaji asiye na mamlaka anaweza kuzalisha kolibeki bila hesabu ihesabiwe ni tundu la usalama, patchi (badiliko la kodi) isipite. Wanaokimbilia kuhamishia kolibeki kwenye thredi (kazi ya pembeni inayopangiwa prosesa kama nyingine) kwa rcu_nocbs, chaguo la keneli la kuwashia, nao wakumbuke, hiyo thredi ikinyimwa prosesa na kazi zenye kipaumbele foleni inakua vilevile.

Mnaotaka kikomo kiwe ndani ya RCU nijibuni hili moja tu: call_rcu ikiitwa ndani ya eneo la kusoma na foleni imeshajaa, ifanye nini?