Dokumentesheni ya pathi za faili: jedwali, mwongozo au mifano ndani ya kodi?

fundi_kodi
Wakuu habari za jioni. Tuna laibrari ndogo ya Python ya kusoma na kupanga mafaili ya ripoti, wanaoitumia wengi wako Windows ofisini halafu kazi yenyewe inaenda kurani kwenye seva ya Linux, na karibu kila swali tunaloulizwa ni la pathi, yaani anwani ya faili kwenye kompyuta. Mara folda haionekani, mara faili limeandikwa kusikojulikana. Kodi iko sawa, ila maelezo yetu yanasema "inapokea pathi, inarudisha pathi", basi. Nimepewa kazi ya kuyarekebisha na naona njia tatu: jedwali la kulinganisha os.path na pathlib (moduli za Python za kushughulikia pathi, ya zamani na mpya) kama lile lililoko huko chini kwenye ukurasa wa pathlib wa Python, au mwongozo mrefu unaomshika mtu mkono toka mwanzo, au mifano kwenye dokstringi (maelezo yanayoandikwa ndani ya kodi) ya kila fanksheni. Muda wa kufanya zote sina. Mngechagua ipi na kwa nini?

mwana_terminali
Jedwali mkuu. Wengi wetu tulianza na os.path, pathlib imeingia kwenye Python 3.4 mwaka 2014 lakini mpaka leo unakuta mtu anafundishwa os.path.join, kwa hiyo anachotaka ni kuona hii ya zamani mpya yake ni ipi. basename ni .name, dirname ni .parent, exists ni .exists(), kaona kaondoka. Nani ana muda wa kusoma insha.

Dada_Seva
Hizo tatu ulizochagua ndo nyepesi lol. Weka mstari wa abspath na absolute(), zile za kutoa pathi kamili, uone. os.path.abspath('/data/mwezi/../ripoti.csv') inakupa /data/ripoti.csv, ila ukipitisha pathi hiyohiyo kwa Path ya pathlib na absolute() zile nukta mbili za kupanda folda moja juu zinabaki palepale, na ni makusudi, maana kama mwezi ni simlinki (folda la njia ya mkato) ya kwenda diski nyingine basi ukipanda juu hutui /data, unatua hukohuko kwenye diski nyingine. abspath yenyewe haiangalii diski kabisa, inakata maandishi tu. Anayefuata simlinki kweli ni resolve(). Sasa hayo yote utayabana vipi kwenye kisanduku kimoja cha jedwali? Hata Python wenyewe wameweka tahadhari kwenye lile la kwao kwamba si jozi zote zinafanana, relpath na relative_to, za kutoa pathi ukihesabu toka folda fulani, nazo zimo. Tahadhari hiyo nani anaisoma?

njoro_254
Dada ameongea ukweli. Mimi niko upande wa dokstringi, msee akikwama hafungui website, anaandika help() kwa terminali ama anasogeza mausi juu ya jina la fanksheni, na kile anaona hapo ndio dokumentesheni kwake. Hiyo mwongozo yako atakuja kuisoma akishafutwa kazi 😂 Lakini usijaze mifano ya kila mtu anajua, weka ile inashtua, kama hii ya kuunga pathi mbili za Linux:

>>> PurePosixPath('/data') / '/ripoti.csv'
PurePosixPath('/ripoti.csv')

Slashi moja tu mbele ya ripoti na /data imetupwa. os.path.join pia iko hivyo. Hakuna erra, hakuna onyo, unaambiwa tu faili haiko.

mwana_terminali
Hiyo ya slashi nakubali, imeshakula usiku wa watu. Ila dokstringi za mifano zinazeeka, mtu anabadilisha kodi mfano unabaki unadanganya, na wewe ndo utalaumiwa.

Mzee_wa_Skripti
Ndo maana kuna doctest kijana, inakuja na Python yenyewe, inarani mifano yako na jibu likitofautiana inapiga kelele. Angalizo moja: usiandike mifano kwa Path tupu. Linux itaprinti PosixPath, Windows itaprinti WindowsPath, utajikuta unafukuza bagi ambayo haipo. Tumia PurePosixPath na PureWindowsPath kama alivyofanya Njoro, hizo hazigusi diski kwa hiyo hata ukiwa Linux unaweza kuonyesha pathi za Windows bila shida.

Halafu hao watu wako wa ofisini waonyeshe hii: 'C:\data\nyaraka'. Hapo kabla ya "yaraka" pana mstari mpya, Python imeshasoma \n. Waandike r'C:\data\nyaraka' (hiyo r inaiambia Python isiguse hizo \) au slashi ya kawaida /, Windows inaielewa. Na dokstringi utakayoweka mfano huo nayo ianze na r, la sivyo mfano wenyewe utavunjika.

zena_data
Samahanini wakubwa, mimi ni mtumiaji tu wa hizi laibrari, nyote mnaongea kama mtu anajua tayari fanksheni anayoitaka. Mimi shida yangu ilikuwa faili liko folda moja na skripti, nikiirani toka folda nyingine linakataa. Hapo niandike help() ya nini?? Baadaye ndo nikaambiwa Python inatafuta kuanzia folda uliyosimama wewe, sio ya skripti, na dawa ni Path(__file__).parent / 'data.csv', __file__ ikiwa ni pathi ya skripti yenyewe. Hilo halikai kwenye dokstringi ya mtu yeyote.

Dada_Seva
Zena umenibadilisha kidogo. Na ~ (ile alama ya folda lako la nyumbani) uiongeze, watu wanadhani Path('~/ripoti') inajifungua yenyewe, haijifungui mpaka uite expanduser().

fundi_kodi
Nimeelewa. Jedwali naliacha, la Python litatosha kwa anayelitaka. Naanza na dokstringi, mfano mmoja au miwili ya kushtua kwa kila fanksheni, zote chini ya doctest. Mwongozo nao sio ule mrefu, ni ukurasa mmoja ambao vichwa vyake ni maswali ya kina Zena kama yalivyoulizwa. Dada_Seva ile ya absolute na resolve naomba uniandikie wewe, umeieleza vizuri kuliko ningeweza.

njoro_254
Poa. Na uandike toleo la Python kando ya kila kitu, relative_to inarusha erra ya ValueError ukitaka kupanda juu, walk_up ya kuiruhusu imekuja 3.12, na mtu akiwa na 3.10 kwa seva atakuja hapa kukulilia.

Dada_Seva
Nitaandika kesho jioni umeme ukiwepo. Nipe linki ya ripo.