Vyumba vya shilingi 2,300 Majengo: je, mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha kodi?

Mrithi wa Majengo aliuliza:

Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa wanaoijua sheria, na pia maoni ya wenye nyumba na wapangaji ambao jambo hili limewahi kuwafika.

Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita hapa Majengo, Mombasa, ambayo babu yetu aliijenga kwa miti na udongo katika miaka ya 1960, kisha ikapigwa plasta na kuezekwa mabati. Kama nyumba nyingi za mtaa huu, ni nyumba bila ardhi: jengo ni letu lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi nasi tunampelekea mwenye ardhi kodi yake, ambayo mwaka huu ameipandisha bila kutuuliza. Kila chumba tunakipangisha kwa shilingi 2,300 kwa mwezi, na maji na taa ya ukumbini ni juu yetu. Ukitoa kodi ya ardhi, bili ya maji, gharama ya kunyonya choo na mabati ambayo hewa ya bahari haiyapi miaka mingi, kinachobaki kugawanywa baina ya warithi wanne ni cha kuona haya kukitaja.

Nilikusudia kupandisha hadi shilingi 4,500, ambayo ndiyo bei ya vyumba vya aina hii katika nyumba za jirani. Wapangaji wanne wamenung'unika lakini wamekubali. Wawili wamekataa, na mmoja wao ni bibi anayeuza mahamri barazani petu, ambaye amekaa chumbani mwake tangu mimi sijazaliwa na ambaye sakafu ya chumba hicho aliitia saruji kwa pesa zake. Mwanawe ameniambia, kwa adabu lakini bila kuficha, kwamba nyumba ya chini ya shilingi 2,500 inalindwa na sheria na kwamba nikiendelea tutaonana mbele ya jopo la kodi, yaani baraza linaloamua mashauri ya kodi za nyumba. Je, sheria hiyo ingalipo? Na kama ipo, mtu kama mimi afanyeje?

Wakili wa Mvita alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Sheria ipo, na kijana wa bibi amekwambia kweli. Ni Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, kwani udhibiti wa kodi nchini Kenya ulianza mwaka 1940 wakati wa vita, mwaka mmoja baada ya makuli wa bandari yetu kugoma, na makazi yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Kwa hiyo si jambo geni Mombasa.

Sheria hiyo inazihusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu wanadhani kipimo ni kodi inayotozwa leo, na kwamba mwenye nyumba akishatoza 2,600 amekwisha kutoka chini ya sheria. Kwa maneno ya sheria yenyewe, kodi ya msingi ni ile iliyokuwa ikitozwa tarehe 1 Januari 1981, na kama nyumba haikuwa imepangishwa siku hiyo, jopo ndilo linaloikadiria kwa kuangalia gharama ya ujenzi na thamani ya ardhi. Babu yako alikuwa akitoza shilingi ngapi kwa chumba mwaka 1981? Kama ilikuwa mia moja au mia mbili, basi, ndugu yangu, hata hiyo 2,300 unayoilalamikia inaweza kutiliwa shaka, kwa sababu nyongeza zote za katikati zilipaswa kuwa na msingi wa kisheria, na sidhani kama kuna aliyekwenda kuuomba. Tahadhari usije ukawa wewe wa kwanza kulifungua faili ambalo litakurudisha nyuma.

Usiichezee pia haki ya kukaa. Mpangaji anayelindwa hatolewi kwa barua ya mwezi mmoja. Ni lazima upate amri, na ili upate amri ni lazima uonyeshe sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile kutolipa kodi, kuwa kero kwa majirani, kupangisha wengine bila idhini, au wewe mwenyewe kuhitaji kukaa pale, na hata hapo jopo litapima kama ni haki kufanya hivyo. Kumkatia maji au kung'oa mlango ili ahame au alipe zaidi ni kosa la jinai.

Njia iliyo salama ni kwenda wewe mwenyewe mbele ya jopo kuomba kodi ikadiriwe, ukiwa na risiti za kodi ya ardhi, bili za maji na gharama za ukarabati. Huenda usipate 4,500, lakini utakachopata hakuna atakayekunyang'anya.

Mpangaji wa Kisauni alijibu:

Nimesoma maelezo ya wakili kwa uchungu kidogo, si kwa sababu yamekosea, bali kwa sababu ulinzi huo unaosifiwa haunigusi mimi wala mtu yeyote ninayemjua. Mimi nalipa shilingi 7,000 kwa chumba na choo cha ndani huku Kisauni, katika nyumba iliyojengwa juzi tu. Mwaka jana kodi ilipandishwa kwa ujumbe wa simu uliotumwa tarehe 27, nyongeza ianze tarehe 1, na aliyehoji aliambiwa kuna watu watatu wanakisubiri chumba chake. Bomba likafungwa siku mbili, eti mota imeharibika, na lilipofunguliwa tulikuwa tumekwisha kununua mitungi ya mkokoteni kiasi ambacho kingelipia nusu ya nyongeza yenyewe.

Kwa hiyo naomba tuulizane, hizo shilingi 2,500 zinamlinda nani? Mwaka 1981 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi tisa za Kenya, maana yake kiwango hicho kilifika karibu dola 275, na nyumba ya kodi hiyo haikuwa ya maskini. Leo hazifiki dola 20. Mbunge aliyeipitisha alikuwa akimlinda karani na mwalimu pamoja na kuli, na sisi tunaoishi sasa tumeachiwa tarakimu bila thamani yake. Ndugu Mrithi naye ameangukia upande wa pili wa kosa hilohilo, maana yeye mwenye vyumba vya udongo ndiye anayebanwa, na mwenye ghorofa tano anatoza apendavyo.

Hata hivyo sikubaliani na kuruka kutoka 2,300 hadi 4,500 kwa mara moja. Ni karibu maradufu. Anayeuza mahamri hawezi kuipandisha bei ya andazi moja maradufu kwa sababu tu kodi yake imepanda.

Mkazi wa Sinza alijibu:

Habari zenu ndugu zangu wa Mombasa. Naandika kutoka Dar es Salaam, na huenda mfano wetu ukawasaidia wale wanaodhani kwamba dawa ni kuifuta sheria.

Sisi tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya 1962, na chini yake mpangaji hakuweza kutolewa bila amri. Ilikuwa na kasoro zake, na mwenye kutaka kuziona angetazama majengo ya katikati ya jiji, yale yaliyotaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kodi ilikuwa ndogo kuliko thamani ya mahali penyewe, hivyo aliyebahatika kuwa mpangaji hakutoka, na alipotoka alimwachia mwingine kwa kilemba, yaani malipo ya pembeni ya kuachiwa nafasi. Mwenye mali alipata kodi ya karatasi, na tofauti iliingia mfukoni mwa mtu wa katikati.

Sheria ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mahusiano haya yanasimamiwa na mkataba pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1999, na mgogoro unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu wa kipato cha chini jambo linaloumiza zaidi si bei ya mwezi, bali ni kudaiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi kinakutaka ulete 300,000 pamoja na 50,000 za dalali kabla hujaonyeshwa ufunguo. Mfanyakazi wa kibarua anakopa kwa riba ili alipe, na anapolimaliza deni mkataba nao umekwisha. Wabunge wamelipigia kelele suala hili mara nyingi, lakini desturi ni ileile. Nyinyi mnalipa mwezi kwa mwezi na amana juu yake, na kwa macho yetu hiyo ni neema, hata kama hamuioni.

Mwalimu wa Uchumi alijibu:

Niongeze jambo moja tu, kwa kuwa wenzangu wameeleza vizuri. San Francisco, Marekani, iliongeza udhibiti wa kodi mwaka 1994 ili ufike kwenye majengo madogo ya kabla ya 1980, ambayo hapo mwanzo hayakuhusika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walioyafuatilia majengo hayo waligundua kwamba wapangaji waliokuwamo walinufaika kweli, kwani uwezekano wa kubaki katika anwani zao ulipanda kwa asilimia 10 hadi 20. Lakini wenye nyumba walioguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakiziuza au kuzijenga upya, na kodi za jiji zima zikapanda kwa takriban asilimia 5. Aliyekwisha kuingia akalindwa, na gharama ikamwangukia anayetafuta.

Uganda imechagua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2022 haitaji kiwango cha fedha kitakachopitwa na wakati, bali inasema nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwa chumba cha 2,300 hiyo ingekuwa shilingi 230 mwaka wa kwanza. Kwetu Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria tatu kongwe kuwa moja, na hizo kongwe ndizo bado tunazozitumia.

Mrithi wa Majengo alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimemuuliza mjomba, na kwa kumbukumbu yake mwaka 1981 chumba kilikuwa shilingi 150, ingawa hakuna risiti hata moja iliyobaki. Nimezungumza na bibi mbele ya mwanawe. Amesema yuko tayari kulipa 3,000 ikiwa tutaweka tangi uani ili maji yasikatike, na mwenzake aliyekataa amesema vivyo hivyo. Wale wanne waliokubali 4,500 nao sasa wanauliza kwa nini wao walipe zaidi, na sina jibu la kuwapa. Je, makubaliano ya namna hii yanatosha, au bado niende mbele ya jopo? Na KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, inanihusu?

Wakili wa Mvita alijibu:

Yaandikeni na mtie saini, lakini usiishie hapo, kwa sababu makubaliano ya pande mbili hayaifuti haki aliyopewa mpangaji na sheria, na kesho warithi wa bibi wanaweza kusema mengine. Gharama ya kuiboresha nyumba ni mojawapo ya mambo ambayo sheria inayatambua kuwa sababu ya nyongeza, hivyo nunua tangi kwanza, weka risiti ya tangi na ya fundi, kisha upeleke maombi ya vyumba vyote sita kwa pamoja mkiwa mmekubaliana. Ombi lisilo na mpinzani huenda haraka. Wale wanne watoze kiasi hichohicho.

Kuhusu KRA, ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi unaanzia mapato ya shilingi 288,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya mapato yote bila kutoa gharama. Kwa 3,000 vyumba sita vitaingiza 216,000 kwa mwaka, na mko chini ya kiwango. Kwa ile 4,500 yako mngefika 324,000, na kama zote zingehesabiwa kuwa mapato ya mtu mmoja, 24,300 kati yake zingekwenda serikalini kabla hamjanunua hata bati moja. Kama ndugu zako wanalo pato jingine la kodi za nyumba, hesabu ya kila mmoja ifanywe peke yake, na hilo mlitazame kabla ya kutia saini.